Kuaga Salalah, Kushukia New York

Mama yangu hajui kukaa. Nalisema hili kwa mapenzi na kwa hasira pamoja, maana ukiishi na mtu kama yeye huwezi kuvitenga viwili hivyo. Tukienda Yiti siku ya Ijumaa kula samaki wa kuchoma, mkeka haujatulia mchangani naye keshauliza tunaondoka saa ngapi. Tukirudi nyumbani Ghubra, hapa Maskati, viatu havijavuliwa, keshauliza Ijumaa ijayo tutakwenda wapi. Makochi ya sebuleni kwetu, kwa anavyoyahamisha, yameshakaa kwenye kuta zote, na baba akirudi msikitini huchungulia ndani kwanza, asije akajibwaga sakafuni.

Jina lake Balqis. Wanawake wengi wa mtaani kwetu humwita Abla Balqis, yaani mwalimu, kwa sababu aliwasomesha jiografia skuli ya wasichana mpaka alipostaafu. Katika yote aliyosomesha, alichokipenda hasa ni yale maziwa makubwa ya Amerika ya Kaskazini na miji iliyojipanga kandokando yake. Wanafunzi wake walikuwa wakiyaimba majina ya maziwa hayo kama kaswida. Mimi nina kazi katika duka la dawa, na mpaka leo huja mwanamke mtu mzima na karatasi ya daktari, akishajua mimi mtoto wa nani hunisomea, "Superior, Michigan, Huron, Erie, Ontario," kisha hucheka mwenyewe. Lakini mama hakuwahi kuyaona. Aliyajua kwa ramani iliyochanika pembeni, akaishi na hamu nayo miaka yake yote ya kazi.

Baba, Bwana Ghanim, ni kinyume chake kabisa. Alikuwa mtu wa idara ya maji, na sasa akipata kiti, chai na kivuli, dunia yake imetimia. Sijui waliowaozesha walikuwa wakifikiri nini. Labda walidhani mmoja atamtuliza mwenziwe, au mmoja atamchangamsha mwenziwe, na yote mawili hayakutokea.

Wa tatu katika habari hii ni Mamkubwa Sayyida, dada yake mama, anayekaa Ansab. Mama yao alifariki Unguja mama yangu akiwa bado ananyonya. Mamkubwa, naye msichana tu, ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akampeleka chuoni kusoma Kurani, akamsuka. Baadaye aliolewa, mumewe akafariki, na Mungu hakumjaalia mtoto. Kwa hivyo mtoto wake ni mama. Ukitaka kumwona Mamkubwa amekasirika, msemee mama vibaya mbele yake, hata kama ni kweli.

Walipohamia Oman miaka ya sabini, walikuja kwa ndege. Ndege ile ilirushwarushwa na upepo hata watu wazima wakaanza kutoa shahada kwa sauti. Mamkubwa alimkumbatia mama mapajani mpaka kucha zikamwingia mkononi, na walipotua akaapa hatapanda tena ndege maisha yake. Akakitunza kiapo chake. Hija alikwenda kwa basi, akikata majangwa na mipaka, akarudi na miguu imevimba lakini na moyo mweupe. Mtu akimwambia mambo ya ndege, hata kwa mzaha, huinuka akenda kutia maji kwenye mimea.

Kwetu sisi mtu hasafiri kimyakimya. Lazima upite kwa jamaa uwaage, muombane radhi, kisha mkubwa wenu asimame mlangoni aunyanyue msahafu juu, upite chini yake huku akikuombea. Asiyefanya hivyo huhesabiwa kuwa ametoroka. Basi kila mama alipokwenda Ansab kuaga safari ya ndege, mambo yaliharibika hapo hapo mlangoni. Safari ya kwanza ilikuwa ya Istanbul: Mamkubwa aliushika msahafu, mikono ikamtetemeka, presha ikapanda, tukampeleka kituo cha afya badala ya kwenda uwanjani. Mwaka uliofuata ikawa Malaysia, na yakawa yale yale. Mara hiyo ya pili mama aliyarudisha magauni kabatini mwenyewe, na siku ile hakuhamisha kochi hata moja. Mimi niliogopa.

Msimu huu wa joto akaja na hila. Tulikuwa mezani, chakula cha mchana.

"Dada ntamwambia tunakwenda Salalah," alisema. "Watu wote wanakwenda kusini, Salalah, kula khareef, msimu wa manyunyu na baridi. Ntamwambia tunakwenda kwa gari."

"Na kumbe mnakwenda wapi?" niliuliza.

"New York, Toronto, Chicago. Mimi na baba yako. Nshakata tiketi."

Baba aliweka kijiko chini. Ilikuwa dhahiri kwamba ndiyo kwanza na yeye anasikia. "Mama Khulood, njia ya mwongo fupi."

"Yetu ndefu, inafika mpaka Chicago. Ghanim, n'sikilize. Nikingoja dada aache kuogopa, Amerika ntakwenda nimevishwa sanda. Magoti yangu haya mwakani sijui kama yatapanda ngazi. Nataka nione mara moja tu yale nliyowasomesha watoto wa watu, nijue kama nliwadanganya au sikuwadanganya."

Lilikuwa neno la kweli, na baba akakirudia kijiko chake. Mama akanigeukia na kidole: "Na wewe usimwage mtama penye kuku wengi. Mamkubwa akikuuliza, sisi tuko Salalah." Ndivyo nilivyopewa kazi ya kulinda uwongo ambao sikuutunga.

Siku ya kuaga nilikuwapo. Mamkubwa aliunyanyua msahafu kwa mikono iliyotulia tuli, kwa sababu Salalah ni nchi kavu na inafikika kwa magurudumu. Akamwombea mama dua ndefu ya njia ile: Mola awaepushe na ngamia wanaokatisha barabarani, awaepushe na tairi kupasuka jangwani, awaepushe na ukungu wa mlimani. Mama akasema amin kwa kila moja. Alipotoka nje niliuona uso wake umebadilika rangi.

"Dua imekwenda Salalah," alisema ndani ya gari. "Sisi tunakwenda kwengine."

Neno hilo liliwafuata safari nzima. New York sanduku la mama halikufika pamoja nao, akanipigia simu: "Unaona? Dua iko Salalah." Baba akateguka kifundo cha mguu akishuka ngazi za treni ya chini ya ardhi: dua iko Salalah. Wakapanda basi la kwenda kusini wakitaka kwenda kaskazini, yale yale. Baba alijaribu kumpoza. Alimwambia Mungu ni mmoja na hana haja ya anwani. Alipoona haisaidii akamwambia, "Angalia mazuri, mama Khulood. Tangu tumefika hatujaona hata ngamia mmoja."

Hata hivyo alitembea. Ya Rabbi, alitembea! Baba anasema New York aliiona kwa mgongo, yaani mgongo wa mama, ukikata umati mbele yake. Kila walipofika mahali, mama alisimama, akatazama juu, akataja jina la jengo na mto ulio karibu, akasema "Haya," akaondoka. Baba naye alikuwa na safari yake, ya kutafuta viti. Anaweza kukuhadithia bustani za New York kwa mabenchi yake, lipi la mbao, lipi la chuma linaloumiza, lipi lenye kivuli mpaka adhuhuri. "Tumekuja kuona, hatukuja kukaa," mama alimwambia. "Mimi naona vizuri zaidi nikikaa," alijibu baba.

Tatizo lilikuwa simu ya Mamkubwa. Yeye humpigia mama kila siku baada ya sala ya alasiri, na alasiri ya Maskati ni asubuhi ya New York. Basi kila asubuhi mama alikuwa akikimbilia msalani mwa hoteli, afunge mlango, asafishe koo, aanze kusema mambo ya Salalah. Ndege walipiga kelele za asubuhi dirishani, magari ya zimamoto yakalia barabarani, na yeye anaapa kwamba ni televisheni.

"Mbona sauti yako ya mtu aliyetoka kulala?" Mamkubwa aliuliza.

"Nlijinyoosha kidogo, dada. Hewa ya huku inaleta usingizi."

"Na simu ya picha mbona hupokei? Nalwoga kanifungulia, nimekaa hapa na mtandio wangu nangojea nikuone."

"Mtandao wa mlimani mbovu, dada."

Nalwoga ni binti wa Uganda anayemsaidia Mamkubwa pale nyumbani Ansab. Ndiye fundi wake wa simu.

Wakafika Toronto. Huko mama alilipata ziwa lake la kwanza, Ontario. Alishuka mpaka ukingoni, akachutama na magoti yake yale mabovu, akachota maji kwa kiganja, akayaonja. Miaka yote aliwaambia wasichana wa Ghubra kwamba maji yanayojaa hata upeo wa macho yanaweza kuwa matamu, na wao, waliozoea bahari, hawakuwa wakiamini. "Matamu!" alimwambia baba. Baba akamwambia ataumwa na tumbo. Mama alinipigia saa ile ile akilia kwa furaha, nami nilikuwa nikimhesabia mteja vidonge, nikamwomba mteja radhi, nikalia naye kidogo. Nataka hili lijulikane. Safari ile haikuwa ya upuuzi.

Lakini siku ya pili wakenda kwenye yale maporomoko makubwa ya Niagara, na mama, kwa kiherehere chake, akaona amepata dawa ya maneno ya Mamkubwa. Akampiga baba picha amevaa koti la mvua la nailoni, nyuma yake maji na moshi wa maji, akaikata pembeni watu wasionekane, akamtumia dada yake: "Tuko wadini, Salalah, mvua njema," wadi ikiwa lile bonde kavu linalogeuka mto mvua ikinyesha.

Mamkubwa alinipigia mimi. "Khulood, mimi Salalah nimefika, na marehemu, kwa gari. Sijapata kuona maji kama haya. Wadi imejaa namna hii na baba yako kasimama mbele yake anacheka? Watachukuliwa!" Nikamwambia wameshaondoka pale, wako salama. Akakaa usiku na tasbihi yake akiwaombea wasichukuliwe na wadi ya Salalah.

Nilimpigia mama nikamkaripia. Mtoto hamkaripii mama yake, najua, lakini nilimkaripia. Akaniambia, "Bado Chicago tu. Nilione Michigan, nirudi, nije nimpigie magoti."

Asubuhi moja Mamkubwa alikuja dukani kwangu kwa teksi, bila ya kunipigia kwanza. Aliingia na fimbo yake, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, akangoja mpaka duka likawa tupu.

"Mama yako anakunywa dawa gani?"

"Hanywi dawa yoyote, Mamkubwa."

"Wewe ndiye unayempa, kwa hivyo utamfichia. Sawa. Basi niambie tu ana maradhi gani."

"Wallahi mama mzima."

"Khulood, mimi nimemlea yule. Yiti hamalizi alasiri moja. Kwangu chai haipoi keshasimama. Sasa wiki ya tatu yuko Salalah, mahali pamoja, hana jamaa huko, sauti ya usingizi, uso hataki niuone, naye ananiambia anakula khareef. Balqis akae mahali wiki tatu kwa hiari yake? Mtu asiyejua kukaa akikaa, basi kalazwa."

Hesabu yake ilikuwa sawasawa kila mstari, jibu tu ndilo lilikuwa silo. Nilirudia kwamba mama mzima, na nadhani nilirudia mara nyingi kuliko inavyofaa, kwa sababu kila niliposema aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea rambirambi. Akainuka, akanipapasa shavu. "Maskini mwanangu," aliniambia, "wamekutwika." Nilimtazama akipanda teksi na roho ikanisuta. Nikamtumia mama ujumbe kwamba amwambie dada yake ukweli leo hii. Akajibu kwamba wako njiani kuelekea Chicago, atamwambia kesho.

Kesho yake Mamkubwa Sayyida alipanda ndege.

Nalwoga, ambaye humwita Mamkubwa "Mama", ndiye aliyenieleza baadaye, huku akipangusa macho kwa aproni. "Madam Khulood, mimi sikujua ni siri. Mama aliniambia, nitafutie tiketi ya Salalah ya leo leo, dada yangu anakufa huko. Nikamwambia, Mama, ndege ni kitu kidogo, mimi nimetoka Entebbe nimelala mpaka Maskati. Akasema khalas, weka nguo kwa shanta. Alikuwa anatetemeka, lakini hakugeuka nyuma." Nalwoga alimsindikiza mpaka pale wanapoishia wasindikizaji. Hapakuwa na mtu wa kumnyanyulia msahafu, basi aliushika mwenyewe kifuani.

Yaliyotokea Chicago nimeyasikia kwa baba. Walikuwa kwenye mkahawa mdogo, chini ya reli inayopita juu ya barabara, wanakunywa chai. Baba alikuwa amepata kiti chenye mto, kwa hivyo alikuwa na furaha. Mama hakukaa. Alisimama karibu na meza, mkoba begani, akimhimiza baba amalize, kwa sababu ziwa Michigan lilikuwa mwisho wa barabara ile ile. Simu ikalia. Mama akatoka nayo mlangoni, baba akamfuata.

"Balqis, nimefika Salalah."

Mama alidhani hakusikia vizuri. "Umefika vipi, dada?"

"Kwa ndege. Nimepanda ndege, mwanangu. Nimefumba macho tangu Maskati mpaka huku, lakini nimepanda. Usiogope, sikukasirikii kunificha. Niambie tu umelazwa hospitali gani. Kuna bwana wa hapa uwanjani ananisukuma kwenye kigari, ananingojea nimwambie."

Baba anasema mdomo wa mama ulifunguka ukabaki wazi. Na hapo treni ikapita juu ya vichwa vyao, reli zote zikatetemeka, ikapita yote, behewa kwa behewa.

"Nini hicho?" aliuliza Mamkubwa.

"Treni, dada."

Mamkubwa hakupiga kelele. "Salalah hakuna treni, Balqis. Uko wapi?"

"Niko Amerika, dada."

Baba alidhani simu imekatika, lakini mama alikuwa akisikia pumzi za dada yake na matangazo ya uwanja wa ndege nyuma yake.

"Ghanim mzima?" Mamkubwa aliuliza.

"Mzima."

"Na wewe? Huumwi na kitu?"

"Siumwi na kitu, dada."

"Alhamdulillahi," alisema Mamkubwa, akakata simu.

Mama alirudi ndani akakaa. Alikaa kwenye kile kiti cha baba chenye mto, na baba akabaki amesimama. Chai ikapoa. Baba akamwambia kwa upole, ziwa lile pale, twende walau ulione, tumeshafika. Mama akatikisa kichwa. Hakwenda. Alivuka dunia nzima kwa ajili ya ziwa lile, akalikosa kwa mwendo wa dakika chache, na baba ambaye maisha yake yote alimwomba mama akae kidogo anasema hajapata kuona kitu kilichomuumiza kama kumwona amekaa vile.

Kwangu mimi simu ya mama ilikuja na kilio, nikafunga duka. Nilipata nafasi kwenye ndege ya saa za magharibi. Nilimkuta Mamkubwa ukumbini, Salalah, kwenye kigari kile kile, nje manyunyu yanaanguka na watu wanapiga picha. Mapajani ameupakata mkoba. Ndani yake mlikuwa na mikate ya ufuta, chupa ya habasoda, kanga mbili laini za mgonjwa kujifunika, na vazi lake la kulalia, kwa sababu alikusudia kulala chini, kando ya kitanda cha mama, mpaka apone. Nilimbusu mkono. Nikaanza kumwomba radhi, akaninyamazisha.

"Wewe mtoto, umetumwa," alisema. "Nna njaa. Twende tukapate chakula."

Tulilala hotelini. Asubuhi nikamwambia tuna viti kwenye ndege ya saa nne.

"Mimi sipandi."

"Lakini jana umepanda, Mamkubwa. Umeshaweza."

"Jana nlikuwa na wa kumwendea," aliniambia. "Leo nampandia nani?"

Nikakodi gari. Tukapanda milima ya kijani iliyofunikwa na ukungu, kisha ukungu ukaisha ghafla na jangwa likaanza, nalo halikwisha mpaka nilipodhani macho yangu yamegeuka mchanga. Mamkubwa alikaa wima, mkanda umemfunga kifua, akatazama mbele. Nilingoja aseme neno la hasira ili na mimi nimtetee mama, au nimlaumu pamoja naye, lolote kati ya hayo lingenipumzisha. Haima, katikati ya jangwa, tulisimama kituo cha petroli, akafungua mkoba, tukala ile mikate ya mgonjwa ndani ya gari. Ilikuwa bado laini. Nililia, na yeye akanipa maji.

Mama na baba walirudi kabla ya siku zao. Nilikwenda kuwapokea, na mama hakutaka hata kupitia nyumbani, akaniambia nimpeleke Ansab kwanza. Baba tulimshusha Ghubra na masanduku. Njia nzima mama alikuwa akifungua mkoba na kuufunga, akifungua dirisha na kulifunga, akipanga maneno kwa sauti ya chini kama mwanafunzi anayekwenda kwenye mtihani.

Nyumba ya Mamkubwa ina milango miwili, wa mbele wa wageni, na wa jikoni ndio wetu. Mama alizunguka nyuma moja kwa moja, akasukuma. Ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Tangu nimezaliwa sijauona mlango ule umefungwa mchana. Akagonga, akaita, kisha Nalwoga akaja akizunguka kutoka upande wa mbele, hataki kututazama machoni.

"Madam, samahani," alisema. "Mama amesema mpitie mbele."

Tukaingizwa majlis, chumba cha wageni. Kiyoyozi kilikuwa kimeshawashwa, mapazia yamefunguliwa, mito imepangwa, udi unafuka, halwa na kahawa mezani. Mamkubwa aliingia amevaa nguo zake za kutokea. Mama alimwangukia miguuni hata kabla hajakaa.

"Dada, nisamehe. Wallahi nlitaka kukwambia. Nisamehe."

Mamkubwa alimnyanyua kwa mikono miwili. Hakuwa na kinyongo usoni, na hilo ndilo lililonitisha. "Nshakusamehe. Palepale uwanjani nlikusamehe. Kaa, mtachoka. Kuleni halwa."

"Basi kwa nini umeniweka huku? Twende zetu jikoni, dada."

"Mtu ametoka Amerika, atakaaje jikoni?" alisema Mamkubwa taratibu. "Huku ndiko kuna kiyoyozi. Safari ilikuwaje? Mmefurahi?"

Mama akaanza kuhadithia. Alisema habari za majengo, na za ziwa lenye maji matamu, na Mamkubwa akaitikia kila panapostahili kuitikiwa, "Mashallah," "Eh, na kisha?" kama tunavyowaitikia wake wa majirani wapya. Kila mama alipojaribu kuinuka asogee karibu naye, Mamkubwa alimsukumia sahani ya halwa, na mama akakaa tena. Nalwoga akaleta trei ya chai. Mamkubwa alipokea birika mwenyewe, akammiminia mama kikombe, akafungua mkebe wa sukari. Kijiko kikasimama hewani. Akamtazama mama kwa adabu.

"Wewe unaweka vijiko vingapi?"

Huyu ndiye aliyemnywesha mama chai ya kwanza ya maisha yake, akimpozea kwenye kisahani. Mama alimtazama dada yake, akanitazama mimi, akaitazama ile sukari.

"Viwili, dada," alisema mwishowe, na machozi yakaanza kumtiririka.

Mamkubwa akatia viwili, akakoroga, akampa kikombe kwa mkono wa kulia, kama anavyompa mgeni yeyote.